Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Na king'ora cha hospitali je?

Vijana wenzangu, makamanda wa Kilimanjaro na kokote mnakosoma, leo hatuongelei katiba wala tume ya uchaguzi. Tunaongelea kengele. Tusikilizane mpaka mwisho, maana hili nalo ni siasa, tena siasa ya uhai wa mama zetu.

Anayeandika tahariri hii aliwahi kukesha hospitalini akimuuguza bibi yake aliyevunjika nyonga. Hospitali hatuitaji. Saa nane usiku king'ora cha moto kikalia korido nzima. Mimi niliruka kwenye benchi, moyo unadunda. Wengine? Hakuna aliyetikisika. Mama wa kitanda cha pili aligeukia ukutani akavuta kanga. Nesi alitoka taratibu, akafika kwenye kile kisanduku cha ukutani, akabonyeza, kimya kikarudi. Akaniona nimesimama na ndala mkononi, akacheka: "Kaa tu kaka yangu, hiki huwa kinalia hovyo."

Bibi hakucheka. Aliniita kwa sauti ya chini: "Mjukuu wangu, siku kikilia cha kweli, nani atajua?"

Asubuhi nikamkuta fundi nikamuuliza. Akanionyesha kile kidude cheupe cha duara darini, kitambua moshi. Kilikuwa kimefungwa mlangoni kabisa mwa bafu la wagonjwa. Mtu akioga maji ya moto, mvuke unatoka, kidude kinadhani ni moshi. Akaongeza, bila hata kuficha, kwamba kikisumbua sana wanakizima.

Hapo ndipo swali la bibi lilipoanza kuniuma.

Sisi wa Chekereni tunajua maana ya mbiu. Huku chini ya mlima, kwenye mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, yowe likipigwa usiku hakuna anayeuliza kwanza. Unatoka na tochi na panga. Inaweza kuwa mwizi, inaweza kuwa mfereji umepasuka, inaweza kuwa nyumba inaungua. Tunatoka kwa sababu tunaamini aliyepiga yowe ameona kitu. Sasa fikiria kijana mmoja mlevi apige yowe la uongo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumapili nyumba yake ikiwaka, nani atatoka? Wazee watamwita mapema wamkanye, na siyo kwa sababu ya kelele. Watamkanya kwa sababu anakula imani ya kijiji kizima.

King'ora cha hospitali kikilia bure kinakula imani hiyo hiyo. Na hospitali siyo shule wala ofisi. Mwanafunzi akisikia kengele anakimbia. Karani anakimbia. Aliyetoka kupasuliwa hakimbii. Mtoto njiti hakimbii. Mgonjwa aliyeunganishwa na oksijeni hakimbii, na tena ile oksijeni ikivuja karibu na moto inaufanya uwake kwa kasi ya ajabu. Hawa wanategemea jambo moja tu: mhudumu akisikia mlio aamke na aamini. Mhudumu akishazoea kupuuza, mfumo wote uliogharimu mamilioni umebaki pambo la dari.

Msiseme mambo haya ni ya mbali. Mkoa wetu una kidonda. Juni 1994, moto wa usiku katika bweni la sekondari ya wasichana Shauritanga, Rombo, uliua wanafunzi zaidi ya 40. Wazazi wengine wa mabinti wale bado wapo, tunakutana nao sokoni na misibani. Ile ilikuwa shule, lakini somo ni moja: moto wa usiku unawakuta watu wamelala, na dakika za mwanzo ndizo zinazoamua.

Na hospitali zinaungua. Mei 2022, huko Tivaouane nchini Senegal, watoto wachanga 11 walikufa kwa moto ndani ya wodi yao, na chanzo kilichotajwa ni hitilafu ya umeme. Aprili 2021 hospitali kubwa ya Charlotte Maxeke mjini Johannesburg iliwaka, wagonjwa wapatao 700 wakahamishwa. Askari wa zimamoto walipofika wakakuta mabomba ya hospitali hayaungani na mipira yao. Mabomba yalikuwepo, yanaonekana kwa macho, ila siku ya kazi hayakufaa. Hiyo ndiyo hatari ya vifaa vya maonyesho.

Sasa tuje kwenye siasa yenyewe.

Serikali hii inapenda kuhesabu majengo. Mwaka 2021 tulikatwa tozo kwenye miamala ya simu, tukaambiwa fedha hizo zitajenga vituo vya afya na madarasa. Mwaka huo huo ukaja mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ikaenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya dharura na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hatukatai majengo, jamani. Bibi yetu anatibiwa humo humo. Tunachouliza ni hiki: utepe ukishakatwa na mheshimiwa akishapanda gari lake, nani anarudi kupangusa vumbi kwenye kitambua moshi? Fungu la matengenezo liko wapi kwenye bajeti? Nani anasaini daftari?

Maana kengele hailii hovyo kwa uchawi. Sababu zinajulikana dunia nzima, na nyingi ni za kawaida mno. Mvuke wa bafuni na wa mashine za kuchemshia vifaa. Jiko la wodi, mtu akiunguza mkate. Vumbi, na huku kwetu kiangazi mnalijua vumbi lenyewe. Wadudu wanaoingia ndani ya kidude na kujenga humo. Dawa ya mbu ikipulizwa. Mafundi wanaochomelea au kukata vigae bila kumwambia mtu. Mvutaji sigara aliyejificha chooni. Kitoroli kinachogonga kile kitufe cha kioo cha ukutani, au mtoto aliyekuja kumwona mama yake akakibonyeza kwa utundu. Na moshi wa nje: majani ya mpunga yakichomwa baada ya mavuno, miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, moshi ule hauchagui dirisha la kuingilia.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba karibu kila sababu ina dawa yake, na dawa nyingi ni za bei ndogo. Jikoni hakufungwi kitambua moshi, kunafungwa kitambua joto, ambacho mkate ulioungua hakikishtui. Kile cha mlangoni mwa bafu kinasogezwa mbali na mvuke. Kitufe cha ukutani kinawekewa kifuniko cha plastiki cha kuinua kwanza. Vitambua moshi vinasafishwa kwa ratiba. Fundi akija kuchomelea anaomba kibali, eneo lake peke yake linafunikwa kwa muda, mtu anasimama na mtungi wa kuzimia moto, na jioni kifuniko kinatolewa na kinaandikwa kimetolewa. Hospitali kubwa zinaweza kupanga mfumo ulie kwa hatua: kwanza taarifa iwafikie wahudumu wa eneo lile, waende kuangalia haraka, na wasipothibitisha kwamba ni salama ndani ya muda mfupi uliopangwa, jengo zima lilie.

Lakini kubwa kuliko yote ni daftari. Kila mlio uandikwe: tarehe, saa, kidude kipi, nini kilisababisha, nani alikwenda kuangalia, nini kimerekebishwa. Daftari la miezi mitatu tu litakuonyesha kwamba nusu ya kelele inatoka kwenye mlango mmoja wa bafu. Bila daftari, kila usiku ni kelele mpya, na kila asubuhi tunasema "huwa kinalia tu".

Nchi nyingine zimelichukulia hili kwa uzito. Huduma ya afya ya Uingereza ina mwongozo wake maalum wa kupunguza ving'ora vya uongo kwenye majengo ya afya. Kule England, takriban safari nne kati ya kila kumi za zimamoto ni za kuitikia tahadhari za uongo. Scotland ilichoka, na tangu Julai 1, 2023 zimamoto yao haiendi kwenye ofisi na maduka kwa sababu tu kengele ya mashine imelia, mpaka mtu athibitishe kuna moto au dalili zake. Ila majengo ambamo watu hulala, hospitali zikiwemo, hawakuyaacha. Walielewa kwamba hospitali huwezi kuiambia isubiri.

Wao wana magari mengi kuliko sisi na bado wamehesabu gharama. Sisi je? Gari la zimamoto likipanda na honi mpaka hospitalini kwa ajili ya mvuke wa bafu, nyumba inayowaka Pasua au Njoro itasubiri. Askari wale ni vijana kama sisi, wanatukanwa wakichelewa, na hakuna anayeuliza walikuwa wapi.

Najua wapo watakaosema, "Kamanda, zahanati ya kijijini kwetu haina hata kengele, wewe unaongelea kengele za uongo?" Hoja nzuri, na ndiyo inayonifanya niandike sasa. Kengele zitakuja. Yapo majengo mapya ya ghorofa yanayokuja nazo. Zikija na tabia hii ya kufunga, kupiga picha na kuondoka, tutakuwa tumenunua kelele. Na pale ambapo bado hazipo, mambo ya msingi hayahitaji mfumo wowote: mlango wa dharura usifungwe kufuli, korido isigeuzwe stoo ya vitanda vibovu, wahudumu wafanye mazoezi ya kuhamisha wagonjwa. Hospitalini hamtoi watu wote nje kwa mara moja. Mnawasogeza kwanza upande wa pili wa mlango unaozuia moto, kwenye sakafu ile ile. Mhudumu asiyewahi kufanya zoezi hilo mchana hataliweza usiku.

Tuwe wakweli pia kwa upande wetu. Namba 114 ya zimamoto ni ya bure, na wapo vijana wanaoipiga kwa mzaha. Huyo ndiye mlevi wa yowe la uongo. Hatuwezi kudai serikali iheshimu king'ora huku sisi tunachezea simu.

Sasa tufanye nini? Siyo kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp halafu tulale. Mambo manne, kila tawi lichukue.

Kwanza, kila kituo cha afya na zahanati ya umma ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mtafuteni mwakilishi wenu, mumuulize: mfumo wa kengele ulikaguliwa lini, na daftari la milio liko wapi?

Pili, mkutano mkuu wa kijiji kisheria unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo mtu mmoja asimame, aulize kwa heshima, na aombe jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti wa kijiji ni mzee wetu, hata kama siyo wa chama chetu. Shikamoo kwanza, swali baadaye.

Tatu, tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kuomba taarifa ya ukaguzi wa usalama wa moto kwenye vituo vya afya. Ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, nakala ya barua tunayo, na kimya chake tutakisema jukwaani.

Nne, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limepewa na sheria ya mwaka 2007 mamlaka ya kukagua majengo. Wenye maduka wanajua ada zake vizuri sana. Tunadai ukali ule ule uende kwenye majengo ya serikali yenyewe, na ukaguzi usiishie kwenye risiti. Mkaguzi aulize swali dogo: kengele hii mwezi uliopita imelia mara ngapi, na mara ngapi ilikuwa kweli?

Kuna wanaopenda kusema ajali haina kinga. Ni maneno ya kumliwaza mfiwa, siyo sera ya serikali. Hospitali hizo hizo zimebandika mabango ukutani kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi waanzie darini kwao.

Bibi alipona, yuko nyumbani Chekereni, anatembea na mkongojo. Juzi alinikuta naandika haya, akaniuliza kama wameshakisogeza kile kidude. Nikamwambia sijui, nitakwenda kuuliza.

Akanijibu, "Nenda na wenzako. Ukienda peke yako watakubonyeza unyamaze kama ile kengele."

Nakwenda Jumatatu. Nani twende naye?