Begi la kamera lisikuharibie matembezi

Ukienda na familia kutembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar, jiandae kutembea kwa miguu, kwani vichochoro vingi ni vyembamba na gari haliingii. Mbeba kamera ndiye huchoka zaidi: kamera, lenzi, betri na maji ya watoto, vyote begani kwa saa kadhaa.

Begi la bega moja ni rahisi kulivaa, lakini uzito huelemea upande mmoja na misuli ya shingo hukaza. Chagua la mgongoni lenye mikanda miwili mipana yenye sponji, pamoja na mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ukifungwa vizuri kwenye nyonga, hupokea sehemu kubwa ya uzito na mabega hupumzika.

Dukani usilijaribu likiwa tupu. Nenda na vifaa vyako, vile vizito vikae karibu na mgongo, kisha tembea dakika 10. Kwa joto la pwani, upande wa mgongoni uwe na wavu wa kupitisha hewa.

Jitahidi mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6. Kinachozidi, gawaneni na mwenzako.

Vidole vikianza kufa ganzi, usijikaze. Huenda mikanda inabana mishipa ya fahamu begani. Vua begi, pumzika, punguza mzigo. Ganzi isipoisha, muone daktari.