Azimio Bila Fedha: Habari za Nyumba ya Injini ya Camden

Sisi wa reli twajua ya kwamba injini nayo hutaka mahali pa kulala. Kule London, mtaa wa Camden, mwaka 1847 kampuni ya London and North Western ilijenga nyumba ya injini iliyo duara kama sufuria. Upana wake ni futi 160, na paa limeshikwa na nguzo 24 za chuma. Katikati iliwekwa meza ya kugeuzia. Injini ya magari ya mizigo iliingia, ikageuzwa, ikapelekwa katika njia yake mojawapo ya 23. Majina ya wahandisi, Stephenson na Dockray, yamo vitabuni. Ya waliozoa majivu hatujayaona.

Lakini injini zikazidi kurefuka, na meza haikurefuka. Nyumba ikaacha kazi yake, ikawa ghala la pombe kali la kampuni ya Gilbey kwa miaka mingi.

Habari inayotugusa zaidi ni ya baadaye. Mwaka 1960 Mkutano Mkuu wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza, TUC, ulipitisha azimio namba 42, kwamba vyama visaidie muziki, michezo ya kuigiza na picha ziwafikie wafanyakazi. Azimio jema! Mfanyakazi si mikono tu. Arnold Wesker, mtunzi wa michezo aliyepata kuoka keki jikoni, alianzisha kikundi kilichoitwa Centre 42 kwa ajili ya namba ile. Mwaka 1962 wakafanya sherehe katika miji sita, wakaitwa na wafanyakazi wenyewe, wakamaliza na deni. Mwaka 1964 wakaipata ile nyumba ya injini iwe makao yao.

Sasa ikahitajiwa fedha ya kuitengeneza. Vyama vilivyokuwa vimeinua mikono havikutoa ya kutosha. Kikundi kikavunjwa mwaka 1970, na nyumba ikafungwa mwaka 1983. Mwaka 1996 ikanunuliwa na tajiri mmoja aliyepata mali yake kwa kutengeneza vitu vya watoto vya kuchezea. Ikafunguliwa tena mwaka 2006, na vijana hujifunza muziki humo. Twafurahi kwa ajili yao, lakini mfuko uliofanya kazi hiyo haukuwa wa wafanyakazi.

Tusiwacheke ndugu hao. Katika mikutano yetu ya tawi tumepitisha mambo mangapi kwa makofi: mfuko wa mazishi, chumba cha kusomea? Ikitajwa shilingi, mmoja akumbuka zamu yake, mwingine atafuta kofia.

Sisi twaomba hivi: azimio lolote liandikwe pamoja na kiasi cha fedha, itakatwa kwa nani, na tangu mwezi gani. Katika mkutano ujao tutasimama kuuliza hayo kabla mkono wowote haujainuliwa.