Baba akipunguza kitambi, mtaa mzima unataka maelezo

Mwanaume wa Pwani anaweza kuvumilia njaa, jua na foleni ya Kimara. Asichoweza kuvumilia ni swali moja: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?"

Pita Maili Moja pale Kibaha, au panda huku Kisarawe mjini, umwangalie mtu aliyepunguza kilo nane kwa juhudi zake mwenyewe. Kabla hajapongezwa, ameshapimwa kwa macho. Mmoja atasema biashara imeyumba, mwingine atasema mke hamlishi, wa tatu atashusha sauti na kuutaja "ule ugonjwa". Ikifika Ijumaa jamaa karudi kwenye nyama choma. Siyo njaa iliyomrudisha, anatafuta amani.

Hofu hii haikuanza leo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wengi, mtu akikonda watu walianza kuhesabu siku zake. Miaka hiyohiyo bidhaa zilikuwa adimu, watu walipanga foleni ya sukari na unga, na wengi walikula ule ugali wa njano uliobatizwa jina la Yanga. Katika shida ile kitambi kilikuwa cheti. Mwenye nacho alionekana ana kazi, ana chakula, ana afya. Shida zile zimepita, cheti bado tunakisoma vilevile.

Tatizo ni kwamba sahani nayo haijabadilika. Mzee wa Kisarawe anayeamka alfajiri kwenda shamba la mihogo na mikorosho, akalima mpaka jua la utosi, ana haki na mlima wake wa ugali na kisamvu cha nazi. Jembe linaumaliza. Mwanawe yuko Kibaha, anakaa ofisini au juu ya bodaboda kutwa nzima, lakini jioni anadai sahani ileile ya baba yake. Hapo bado hujaweka chips mayai za mchana na soda mbili. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana tusizidi kama sita kwa siku nzima.

Wapo wanaosema unene ni habari za akina mama. Ni kweli wanawake wanene ni wengi zaidi nchini, lakini mafuta ya mwanaume hupenda kujikusanya tumboni, yakizunguka ini na viungo vingine vya ndani, na hayo ndiyo yanayoongoza kwenye kisukari na presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Wengi wa namna hiyo hawajijui.

Miaka ya karibuni Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, aliifanya sahani ya Mtanzania kuwa mjadala wa taifa. Vijiweni wanaume walicheka: "Huyu anatukataza kila kitu, tule mawe?" Kicheko kile kilikuwa na woga ndani yake. Mtu hacheki sana jambo lisilomhusu.

Anayebeba mzigo wa woga huo ni mke. Akipunguza wali, anaambiwa amekuwa bahili. Akipunguza nazi, mama mkwe akija kutembea anauliza mwanangu analishwa nini humu ndani. Asipopunguza, siku baba akianguka ataulizwa alikuwa anampikia nini. Wapo waume walioambiwa na daktari kwamba wana sukari, wakaikunja karatasi mfukoni na kurudi nyumbani kudai wali wa nazi kama kawaida. Mke anapika sumu bila kujua. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo kaka zangu, kazi ya kwanza mnaifanya kwa mdomo, na hapa sisemi kula. Mwambie mkeo ulichoambiwa hospitali. Kisha mbele ya mama yako na rafiki zako sema wazi: "Nimeamua mwenyewe kupunguza." Sentensi hiyo moja inamlinda mkeo kuliko zawadi.

Ya pili, chukua futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kubana pumzi. Ukizidi sentimita 94 anza kujirekebisha. Ukizidi 102, nenda kapime sukari na presha wiki hiihii.

Ya tatu, usiingie kwa fujo. Wapo wanaoacha ugali ghafla, wakaishi kwa maji ya ndimu siku nne, ya tano wakamaliza kilo ya nyama. Wapo wanaokimbia jogging Jumamosi, kisha wanamalizia kwa supu na chapati tatu. Punguza ugali uwe robo ya sahani, mboga za majani zijaze nusu, samaki au maharage wachukue robo iliyobaki. Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Anayetumia dawa za kisukari asianze kufunga wala kuruka milo bila kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka akadondoka.

Na kama unapungua bila kukusudia, huku unakunywa maji mno na kwenda haja ndogo usiku kucha, au unakohoa wiki mbili, usifurahie suruali kulegea. Kapime. Kisukari, kifua kikuu na VVU vyote vina matibabu, na anayewahi huendelea na shughuli zake.

Nasi majirani tupunguze upelelezi. Ukimwona mwenzio kapungua na uso umechangamka, mwambie amependeza. Huenda ni neno hilo tu alilokuwa akilisubiri ili asirudi alikotoka.