Bolti ya Injini Ikikatika

Juma hili tuitazame pikipiki, maana siku hizi ni vijiji vichache visivyo nayo, na katika nyumba nyingi ada ya shule na chumvi ya jikoni hutoka juu ya magurudumu yale mawili. Nanyi akina mama msiuruke ukurasa huu mkidhani ni wa wanaume. Anayekaa nyuma na mtoto mgongoni ndiye mara nyingi husikia kwanza injini ikigonga.

Injini ya pikipiki imeshikwa kwenye fremu kwa bolti chache tu: nyingine ndefu, zinazopenya hadi upande wa pili, nyingine fupi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ndiyo mara 100 kwa sekunde moja, na kila mzunguko hutikisa. Maadamu bolti zimekazwa barabara, fremu na injini hubanana kama kitu kimoja, wala bolti haiusikii sana mtikisiko ule. Lakini nati ikilegea hata kidogo, injini hupata nafasi ya kucheza, na bolti hupindwa huku na huku, kama mtu apindavyo waya mpaka ukakatika.

Basi bolti ikikatika, usiitupe. Itazame pale ilipokatikia. Ukiona sehemu moja nyeusi na laini, pengine yenye mistari kama pete za mti uliokatwa, na sehemu nyingine yenye kung'aa na kukwaruza, jua kwamba ufa ulianza zamani. Ile nyeusi ilikwisha achana siku nyingi; ile ing'aayo ndiyo iliyobeba mzigo peke yake hadi siku ya mwisho. Kumbe lile shimo la barabarani unalolilaumu huenda halina hatia! Kwa hiyo kuweka bolti mpya bila kuzikagua nyingine ni kazi ya nusu, maana moja ikikatika wenzake hubeba mzigo wake. Zikiachwa hivyo, huweza kupasuka sikio la injini lenyewe. Sikio hilo ni la aluminiamu, na fundi wa kuchomelea aluminiamu hapatikani katika kila mnada. Aliyeona bolti ni ghali atajikuta ananunua kasha zima la injini.

Kuitoa ile ndefu si shida. Tegemeza injini kwa gogo ili uzito wake usiibane, kisha sukuma vipande kwa chuma chembamba kuliko bolti. Kazi iko kwa ile fupi iliyokatikia ndani ya tundu. Hapo vijana wengi hushika nyundo na tindo kwa hasira, wakaharibu uzi wa tundu. Polepole, vijana. Tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, uache usiku kucha. Asubuhi yafute vizuri, kisha umwagie sikio la injini maji yanayochemka, maana aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bolti, na tundu hulegea. Kama kisiki kimechomoza, kishike kwa koleo ya kujifunga na ukizungushe kwa kwenda na kurudi. Kama hakishikiki, fundi aweza kuchomelea nati juu yake, akaizungusha kwa spana. Lakini kabla ya kuchomelea, tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali, na waya za betri zifunguliwe. Kwa hili usikubali kuambiwa ati ni dakika moja tu.

Sasa bolti mpya. Fundi atasema, "Mzee, nakuwekea kipande cha nondo, kitakaa." Mjibu kwa upole: "La, mwanangu, nitafutie yenye namba." Namba hiyo imegongwa kichwani. Yenye 8.8 huhimili mvuto wa kilo 80 hivi kwa kila milimita moja ya mraba kabla haijakatika, yenye 10.9 huhimili kilo 100 hivi. Weka ya namba ile ile iliyotoka. Wala usikubali ile iliyovunjika ichomelewe ikarudishwa, kwani nguvu yake ilitokana na kupikwa kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea huiharibu.

Tena angalia uzi. Bolti nyingi za pikipiki zenye unene wa milimita 10 zina uzi wa milimita 1.25, na zile za maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida zina 1.5. Kwa macho ni pacha. Ianze kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, si yake, usiilazimishe kwa spana.

Kukaza nako kuna kipimo. Kitabu cha pikipiki kikiwapo, fuata hicho. Kama hakipo, kwa bolti ya 8.8 yenye unene wa milimita 8, shika spana sentimita 25 kutoka kwenye bolti, uvute kwa nguvu ya kuinua kilo 10. Kwa milimita 10, kilo 20 hivi. Kuongeza bomba juu ya spana si uhodari, ni kuivuta bolti mpaka ichoke kabla haijaanza kazi. Nati yenye pete ya plastiki ndani ikishafunguliwa, nunua nyingine.

Mwisho, mwombe binti yako rangi yake ya kucha. Piga mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu, juu ya kila bolti ya injini. Kila Jumamosi unapoosha pikipiki, itazame mistari hiyo. Ukiona mmoja umeachana, nati imezunguka. Chukua spana siku hiyo hiyo, kabla ya kupakia gunia.