Jirani, Toa Shauri Lenye Uzima
Mgeni anayehamia Dar es Salaam hufundishwa mji na majirani: basi lipi laenda Kariakoo, maji ya madumu yanunuliwe wapi, kodi ya chumba ilipwe vipi. Ni msaada mkubwa, nasi twausifu.

Lakini liko shauri moja linalotuhuzunisha sisi wauguzi: "Mtoto akiharisha usimpe maji, utamzidishia." Mama hutuletea mtoto macho yamedidimia na midomo imekauka, kumbe aliwatii majirani tu.

Kuharisha hukausha mwili, na kukaukiwa huko ndiko kunakoua. Kwa hiyo jirani mwema aseme hivi: endelea kumnyonyesha, koroga pakiti ya ORS katika maji lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, mnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo, mpeleke zahanati mapema, apewe na vidonge vya zinki. Akiwa mlegevu au akishindwa kunywa, msingoje kupambazuke.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjini na tuongeze: mwenyeji, sema kweli, mtoto wa mgeni apone.