Picha Usiyoiagiza, Mwenyewe Nani?

Kwetu pwani kinoo ni jiwe la kunolea visu. Kwa wakaaji wa Nairobi, Kinoo ni mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, ukishapita Westlands, Kangemi na Uthiru, ndani ya Kaunti ya Kiambu. Huko mwisho wa wiki haupiti bila ya shughuli: leo harusi, kesho ubatizo, keshokutwa watoto wa chekechea wamevishwa majoho na kofia kama waliohitimu Chuo Kikuu. Na penye shughuli hapakosi mpiga picha. Nami nilialikwa katika shughuli ya namna hiyo, mjukuu wa ndugu yangu akiaga chekechea, na niliyoyaona ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kijana mmoja alikuwa akizunguka na kamera shingoni. Hakuniuliza kitu. Alinipiga, akageuka, akampiga mwengine. Hata nusu saa haijatimu, mwenzake akanijia na picha yangu mkononi, ukubwa wa kadi ya posta, rangi zimekaa barabara.

"Mzee, hii ni yako. Mia mbili tu."

"Mwanangu, mimi sikuagiza picha."

Akacheka. "Najua, mzee. Lakini si ni wewe?"

Nilinunua kwa mia na hamsini, maana mtoto alikuwa mapajani mwangu anacheka, na moyo haukukubali kuirudisha. Lakini jawabu la kijana yule halikunitoka. Uso ni wangu, karatasi ni yake. Je, picha ni ya nani?

KAZI YENYEWE

Kuuza picha si kazi ngeni kwetu. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh tangu 1942, na Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, ambaye studio yake ilijulikana na kila mtu kisiwani. Enzi hizo mteja alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Alivaa alivyotaka, akakaa alivyotaka, akalipa, kisha akarudi siku nyengine kuchukua picha yake. Kabla ya taa kuwaka, ridhaa ilikuwa imekwisha kupatikana.

Baadaye mpiga picha akaanza kumfuata mteja. Katika miaka ya 1990 feri ya Likoni ilikuwa na vibanda vya picha vilivyopambwa kwa mandhari za kila aina, msafiri akipita tu aitwa. Nairobi nako, siku za mahafali, picha zilitandazwa chini kwenye majani, na watu wakipita wameinama, kila mmoja autafuta uso wake kama atafutaye kiatu mlangoni mwa msikiti. Wepesi wao walikuwa wakikimbia mjini na filamu, ikasafishwa, wakarudi kabla wageni hawajamaliza kula.

Leo mbio hizo hazihitajiki. Mashine ya kuchapisha yaingia ndani ya sanduku dogo, nayo huwekwa juu ya meza nyuma ya hema. Ndani yake mna utepe wa rangi tatu, manjano, wekundu wa zambarau na buluu. Joto huzihamisha rangi hizo kutoka kwenye utepe zikazama katika karatasi moja baada ya moja, kisha hupakwa tabaka ya nne, nyangavu, ya kuilinda picha. Yote hayo hayafiki dakika moja, na picha hutoka kavu. Malipo nayo ni rahisi, kwani tangu M-Pesa ilipoanza 2007, udhuru wa "sikuja na pesa" umepungua nguvu.

HESABU YA KIJANA

Wako watakaouliza: simu zimejaa mikononi, nani anunuaye karatasi? Swali ni zuri, lakini waliouliza hawajaketi kando ya meza ile. Picha za simu ni maelfu, na aghalabu hufa pamoja na simu. Bibi hana haja ya kutumiwa kitu asichojua kukifungua. Ataka picha ya kutia kwenye fremu, juu ya kabati, mgeni akiingia aione.

Hata hivyo tusidhani kijana yule anachuma bila ya jasho. Tuchukue mfano. Akichapisha picha 100 kwa kubahatisha, na watu 60 wakanunua kwa shilingi 150, atapata shilingi 9,000. Katika hizo atoe karatasi na utepe, nauli, umeme wa jenereta, na haki ya mwenzake. Picha 40 zilizokataliwa ni hasara tupu, kwa sababu sehemu ya utepe iliyokwisha kutumika hairudi kutumika tena. Ndipo utakapofahamu kwa nini hubembeleza sana, na kwa nini bei hushuka jua likishuka.

Nilimuuliza kwa nini asimwonyeshe mtu picha kwenye kioo kwanza, achapishe zile zilizoagizwa tu. Alinijibu kama mtu mzima: "Mzee, akiiona kwenye kioo atasema nitumie kwa simu. Akiishika mkononi, hairudishi." Kweli ilikuwa upande wake, na mimi nilikuwa shahidi, kwani yangu sikuirudisha. Lakini hapo ndipo penye fundo. Biashara nzima imejengwa juu ya kupiga kwanza na kuuliza baadaye.

Chuoni tulifundishwa kwamba biashara nguzo yake ni kuridhiana. Anayelipa kwa kuona haya mbele ya wageni, je, ameridhia? Na yule aliyekataa kununua, picha yake yenda wapi?

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaja kuifafanua haki hiyo. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake, kuitumia kwa biashara kwahitaji ridhaa yake iliyo wazi, na mtoto mdogo huridhiwa na mzazi au mlezi wake.

Wengi waliichukua sheria hiyo kama maneno ya vitabuni, mpaka Septemba 2023. Mwezi huo afisi ya Kamishna wa Data ilitangaza kuitoza Shule ya Roma ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nyumba moja ya starehe ya Nairobi, Casa Vera, ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuiweka hadharani picha ya mteja wake bila ya ridhaa. Uthiru na Kinoo ni majirani. Hapana mpiga picha wa huko anayeweza kusema habari hizo hazikumfikia.

Tuwe waadilifu lakini. Kesi hizo zilihusu kutangaza picha hadharani. Kijana wa Kinoo alimuuzia mtu picha ya mtu yuyo huyo, na mambo hayo mawili si sawa. Tena iko sheria nyengine, ya Hakimiliki ya 2001, isemayo kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa mali ya aliyeiagiza, ila kama wamepatana vyengine. Basi mpiga picha aliyeajiriwa na bwana harusi, na yule aliyejiingilia mwenyewe na kamera yake, hawasimami mahali pamoja. Wa kwanza amefanya kazi ya mwenyeji. Wa pili picha ni yake kwa hakimiliki, wala huwezi kumlazimisha akupe bure. Na wewe hulazimiki kununua, wala yeye hana ruhusa kuufanya uso wako tangazo la biashara yake.

Kwa hivyo swali langu lina jawabu lenye pande mbili. Kazi ni yake, uso ni wangu, na hapana mmoja wetu awezaye kuitumia haki yake kuifuta ya mwenzake.

KWETU PWANI

Mambo haya ya Kinoo yatufika vipi? Yamekwisha kutufika. Vijana wenye mashine hizo watakuja katika harusi zetu, na wengine ni watoto wetu wenyewe. Katika kupamba, wanawake huvua mabuibui wakajua wamo miongoni mwao. Nyumba nyingi siku hizi hukusanya simu mlangoni kwa sababu hiyo. Sasa fikiri picha arubaini za usiku ule zimebaki mezani, hazikununuliwa, kila apitaye azitazama.

Nilimuuliza kijana wa Kinoo zilizobaki huzifanya nini. Alisema bila ya kuficha kwamba nyengine hutupwa pamoja na takataka, na zilizotoka vizuri hubandikwa kwenye ubao wa sampuli barabarani, zivute wateja. Hakuona ubaya, wala hakuna aliyemwambia. Lakini mama wa mtoto aliyebandikwa pale hajui.

Dawa yake si kuwafukuza vijana. Kazi ni ya halali, na kijana anayebeba jenereta mgongoni hastahili kuitwa mwizi. Dawa ni mapatano kabla ya shughuli. Mwenye shughuli amwite mpiga picha, waandikiane karatasi moja: nani apigwe na nani asipigwe, bei ni ngapi, watoto waulizwe wazazi wao, picha zisizonunuliwa zipewe mwenye shughuli au zichanwe mbele yake, na zilizo kwenye kamera zifutwe baada ya siku walizokubaliana. Shughuli za wanawake apewe mwanamke kamera na mashine. Kijana naye atafaidika. Akitangaziwa kwa wageni kwamba ameruhusiwa, watamjia wenyewe, na zile arubaini za hasara zitapungua.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye ile meza. Picha mbili za mtoto wetu zilikuwa zimebaki, wazazi wake hawakuziona. Nilimpa kijana shilingi 100 kwa zote mbili, akashukuru. Zote tatu ninazo Mombasa, moja iko kwenye fremu kwa bibi yake. Zile zilizomo ndani ya kamera alibaki nazo yeye, maana hapana mtu katika shughuli nzima, nami nikiwemo, aliyekumbuka kumuuliza.