Kufomati Si Kutengeneza

Kuna fundi katika kila mtaa hapa Kampala ambaye ana jibu moja kwa maradhi yote ya kompyuta: fomati. Imekuwa nzito? Fomati. Faili hazifunguki? Fomati. Diski inalalamika? Fomati, iache hapa, urudi jioni. Nasema waziwazi kwamba huyu si fundi. Ni mfuta ushahidi, na sisi wanafunzi tunaomlipa na kumsifu kwa wepesi wake ndio tunaomlea.

Ninacho kisa cha kuthibitisha. Tarehe 22 Oktoba 2018 lilitolewa toleo la 4.19 la kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayozungumza na diski na vifaa vingine. Punde watu wakaanza kulalamika kwamba data zao zinaharibika. Kompyuta inawaka vizuri, inafanya kazi, kisha faili zinageuka takataka. Ujumbe wa hitilafu ulitoka kwa ext4, mfumo wa faili unaotumiwa na wengi, basi macho yote yakamgeukia ext4.

Kumbe ext4 hakuwa mwizi. Ndiye aliyepiga yowe. Kosa lilikuwa chini yake, katika tabaka liitwalo blk-mq, ambalo hupokea maombi ya kusoma na kuandika na kuyakabidhi kwa kiendeshi cha diski. Fikiria utingo wa lori aliyekwisha kuandika orodha ya magunia kumi. Getini anaambiwa ghala limejaa, asubiri. Lori linarudi kwenye foleni. Likiwa pale, karani anaongeza magunia matano, maana yanaelekea njia moja. Lori linapoitwa tena, hati ya karani inasema kumi na tano, orodha ya utingo bado inasema kumi. Hayo matano yatashushwa wapi? Ndivyo ilivyokuwa. Kiendeshi kiliandaa ombi, kikakuta kifaa kina shughuli, ombi likarudishwa, likaunganishwa na jingine, kisha likapelekwa kwa maandalizi yaleyale ya zamani. Data zikaharibika kimyakimya, tena kwenye baadhi ya kompyuta tu, zilizokuwa zikitumia diski bila kipangaji cha maombi.

Jens Axboe, msimamizi wa tabaka hilo, aliandika marekebisho mwanzoni mwa Desemba, yakaingia katika toleo la 4.19.8. Ni mistari michache: ombi ambalo kiendeshi kimekwisha kuligusa lisirudi mahali pa kuunganishwa, liwekwe kando, lisubiri lilivyo.

Wapenda mashujaa watasema Axboe ndiye aliyetengeneza. Nakubali nusu. Dawa aliiandika yeye, lakini ugonjwa ulifuatiliwa na watumiaji waliokubali kompyuta zao ziumwe tena na tena. Kati ya toleo moja na jingine kuna mabadiliko zaidi ya 10,000. Unachukua la katikati, unajenga kiini, unakiendesha, unangoja. Data zikiharibika, kosa limo katika nusu ya kwanza. Zikisalimika, limo katika nusu ya pili. Hatua kama 14 hivi zinatosha, lakini kila hatua ina mtego wake: kosa lenyewe huja likipenda, na asiyesubiri vya kutosha hutangaza uzima wa uongo akapotea njia. Watu hao waliandika walitumia diski gani, mipangilio gani, toleo gani. Lau wangekuwa kama fundi wetu, wangefuta diski, wangesakinisha upya kiini kilekile, na kulia upya.

Jirani yangu bwenini alifomatiwa kompyuta mara mbili katika muhula mmoja. Sura mbili za tasnifu yake zilikwenda na maji. Mara ya tatu mtu mwingine akafungua mfuniko, akakuta kebo ya diski imelegea. Alilipa mara mbili ili ashambuliwe na tatizo lilelile.

Najua utetezi: fundi ana kodi ya chumba, mteja anataka mashine leo. Sawa. Lakini kupiga picha ujumbe ulio kwenye skrini kunachukua sekunde tano. Kunakili data kabla ya kufuta ni kazi inayoweza kutozwa pesa. Umaskini haukumzuia mtu kuuliza, “Ilianza lini, na ulikuwa umebadilisha nini siku hiyo?” Daktari wa mifugo kijijini huuliza hivyo kuhusu mbuzi.

Wapo pia wasomi wenzangu wa Kiswahili watakaosema mambo ya kiini tuyaachie Kiingereza. Utingo, karani na foleni vimenitosha. Anayesema lugha haitoshi huenda hajalielewa jambo lenyewe.

Lawama nyingine naipeleka darasani. Katika somo la kompyuta tunakariri majina ya sehemu za mashine, tukapewa alama. Sijawahi kuona karatasi ya mtihani inayompa mtahiniwa ujumbe wa hitilafu na kumwambia: eleza ungechunguza nini kwanza, nini baadaye, na kwa nini. Nataka swali hilo liwemo, na anayejibu “ningefomati” apewe sifuri.